Kona ya Kinanda: "Minimoog ya kwenye laptopu haina joto"

Mwezi huu barua zenu zimenikumbusha ujana. Nilidhani vijana wameshaisahau Minimoog, kile kinanda cha umeme cha kuunda sauti (sintesaiza), kumbe wanayo ndani ya laptopu na ndiyo inayowakosesha usingizi. Nimechagua barua nne. Waliouliza bei ya vinanda vya mtumba wanisubiri toleo lijalo.

*Mwalimu, shikamoo. Nimeweka kwenye kompyuta programu inayoiga Minimoog. Nikibonyeza kodi ya Do, inatoka noti moja tu, tena si ile ninayoitaka. Nimeifuta na kuiweka upya mara tatu. Imeharibika? — Mpiga kinanda wa kwaya, Morogoro*

Marahaba. Haijaharibika, usiifute tena. Minimoog iliyotoka mwaka 1970 ilikuwa na vibonye 44 lakini sauti moja tu kwa wakati mmoja, kama filimbi. Ukishika noti mbili, ya chini ndiyo inayosikika. Walioandika programu yako wameiga hata tabia hiyo.

Programu nyingi zimeongeza swichi ya kuruhusu noti kadhaa, kwa kawaida imeandikwa "poly". Iwashe, kodi itatoka. Ila kama unachotaka ni kodi za kusindikiza kwaya, umechukua chombo cha watu wengine. Tafuta programu inayoiga Juno-106 ya Roland, chombo cha mwaka 1984 chenye sauti sita na korasi (kinenepesha sauti) nzuri sana. Waimbaji wa alto na tenori watakushukuru.

Kabla hujawasha swichi hiyo, jaribu kitu kimoja. Shika Sol ya juu kwa kidole kidogo usiiachie, halafu donoa Do na Re za chini yake haraka haraka kwa kidole gumba. Sauti inashuka na kurudi Sol yenyewe, bila kuanza upya, kama mtu anayepiga vigelegele. Kwa kinanda cha kawaida huwezi kuupata mchezo huo.

*Mwalimu, shikamoo. Natengeneza biti chumbani kwangu, Mwanza. Nimedunduliza nikanunua programu ya Minimoog, lakini besi yangu nikiiweka karibu na rekodi za zamani za Wamarekani inasikika nyembamba, kama inatoka kwenye simu. Rafiki yangu anasema programu haina joto, niuze laptopu nianze kutafuta Minimoog yenyewe. Nifanye nini? — J., Mwanza*

Marahaba mwanangu. Kwanza, laptopu usiiuze. Kampuni ya Moog ilipoitoa upya Minimoog mwaka 2016 iliiuza dola elfu tatu na mia kadhaa, na ilipoirudisha tena mwaka 2022 ikawa dola 4,999. Hapo hujalipa usafiri wala ushuru. Ile ya zamani, iliyotengenezwa hadi mwaka 1981, ukiipata utahitaji na fundi wa kuishi naye nyumba moja.

Sasa hilo joto. Nimelisikia neno hilo kwa watu ambao dude lenyewe hawajaligusa hata siku moja. Mimi nililigusa, na joto nililolijua lilikuwa la Mombasa.

Mwaka 1983 nilikuwa napiga kinanda kwenye bendi ya hoteli, Pwani ya Kaskazini. Mwenye vyombo alikuwa na Minimoog aliyoileta mwenyewe kutoka Ulaya, akiitunza ndani ya sanduku la mbao, imefungwa kanga. Saa kumi na mbili jioni tunaiwasha, tunaenda kula, saa moja na nusu tunarudi kuitunia. Siku tuliyochelewa kuiwasha, kufikia wimbo wa tatu mpiga gitaa alikuwa ananitazama kwa jicho la pembeni, maana osileta zake (vizalisha sauti vyake) zilikuwa zinahama kadiri sakiti zinavyopata moto. Usiku mmoja meneja alituonea huruma akatuletea feni ya mguu, akaielekeza jukwaani. Ndani ya dakika kumi tulikuwa tumetoka kwenye tuni, na tukaomba ile feni ipelekwe kwa wageni. Kuna swichi pale imeandikwa A-440, inayotoa noti ya La ya kutunia. Sidhani kama kuna swichi nyingine nimeibonyeza zaidi maishani, ukiacha ya taa.

Ninachotaka kusema ni kwamba joto unalolitafuta ni mkusanyiko wa kasoro ndogo ndogo, na kila moja unaweza kuitafuta kwa sikio lako. Hata chombo chenyewe kilizaliwa hivyo: mfano wa kwanza fundi wao Bill Hemsath aliuunganisha kwa vipuri vilivyokuwa vimetupwa, pale kiwandani kwa Robert Moog, Trumansburg, jimbo la New York.

Fungua programu, lakini priseti (sauti iliyopangwa tayari) usiiguse hata moja. Priseti zimepakwa mwangwi na korasi ili zikuvutie dukani. Zima vyote hivyo. Zima pia ile hali ya kibonye kutoa sauti kubwa ukikipiga kwa nguvu, kwa sababu Minimoog haikujua umepiga kwa hasira au kwa upole. Bakiza osileta ya kwanza peke yake, wimbi la msumeno (lenye umbo la meno ya msumeno), futi 16 (alama ya oktavi kwenye swichi yake). Fungua filta yote, ile sehemu inayokata sauti kali. Shika La ya hezi 110. Utasikia sauti kavu, kama nyuki kwenye kopo. Usiogope.

Washa osileta ya pili, msumeno pia, futi 16, kiasi sawa. Sasa shika nobu yake ya kutunia uisogeze kidogo mno, chini ya unene wa ukucha. Sauti itaanza kupumua: inajaa, inapwaya, inajaa tena. Hesabu. Ikipumua mara moja kwa sekunde, ujue osileta moja iko 110 na mwenzake yuko 111. Bila kugusa nobu, panda oktavi moja: sasa inapumua mara mbili kwa sekunde. Shuka oktavi moja chini ya pale ulipoanzia, inapumua mara moja kwa sekunde mbili. Kwa hiyo kipimo kinachopendeza kwenye solo ya juu kinaweza kuwa kizembe kwenye besi, na kinachofaa besi kikaliza solo kama king'ora. Prodyuza wengi wanaweka kipimo kimoja kwa kila kitu kisha wanalalamikia programu.

Halafu chunguza mwanzo wa noti. Kwenye chombo chenyewe osileta hazipumziki, zinazunguka tangu ulipowasha umeme hadi unapozima, na kibonye kazi yake ni kufungua mlango tu. Kwa hiyo kila ukibonyeza unalikamata wimbi mahali pengine. Piga noti moja mara nane mfululizo. Zikifanana zote kama mhuri wa serikali ya mtaa, programu yako inalianzisha wimbi upya kila mara. Mahali pa kuzima tabia hiyo kwa kawaida pameandikwa "free run" au "phase". Na kama kuna nobu ya "drift" (kuyumba kwa tuni), iweke kidogo tu, mpaka uwe na mashaka kama ipo au haipo.

Sasa filta, ambayo ndiyo iliyoipa Moog jina. Moog aliipatia hataza mwaka 1969. Ni jozi za transista zilizopangwa moja juu ya nyingine kama ngazi, vipandio vinne, na kila kipandio kinakata desibeli 6 kwa oktavi, hivyo jumla ni 24. Lakini unene hautoki kwenye ngazi peke yake. Unatoka pia kwenye mikisa (kichanganya sauti) iliyo kabla yake, ambayo ukiipandisha inaisukuma filta kwa nguvu mpaka kingo za wimbi zinaanza kulainika kama sabuni iliyotumika. Vijana wanapandisha sauti mwishoni, kwenye spika. Wewe pandisha osileta zote kwenye mikisa hadi 7 au 8, kisha mwishoni ndiyo upunguze. Wapigaji wa zamani walikuwa wakichukua waya kutoka tundu la hedifoni wanaurudisha kwenye tundu la kuingizia sauti za nje, chombo kinajila chenyewe. Programu nyingi zimeiweka njia hiyo ndani, itafute. Anza na sifuri upande polepole, na hedifoni ziwe mezani, si masikioni.

Jambo moja linawachanganya wengi: nobu ya "emphasis", inayokazia sauti za pale filta inapokatia. Ukiipandisha, besi inapungua. Hiyo ni tabia ya ngazi yenyewe, na programu nzuri inaiiga. Besi nene unayoisikia kwenye rekodi za zamani mara nyingi ina "emphasis" ndogo kabisa, filta imefungwa zaidi ya nusu, na bahasha ya filta (kidhibiti cha muda wake) inaufungua mlango kwa muda mfupi tu mwanzoni mwa noti. Weka hivyo, kisha ucheze na nobu ya "decay" (muda wa mlango kujifunga) peke yake kwa nusu saa. Mimi nimecheza nayo miaka arobaini sijaimaliza.

Kuna ugonjwa mmoja ambao chombo halisi hakina. Kompyuta yako inapima sauti mara 44,100 kwa sekunde, kwa hiyo haiwezi kubeba kitu kilicho juu ya hezi 22,050. Msumeno una noti ndogo ndogo nyingi zinazopanda bila mwisho, na zile zinazovuka mstari huo, programu isipozidhibiti, zinageuka zinarudi chini zikiwa noti za uongo. Jipime hivi: chukua msumeno mmoja, filta wazi, nenda oktavi ya juu kabisa, kisha pandisha noti taratibu kwa gurudumu la kupindishia noti. Ukisikia kasauti kengine kanashuka wakati wewe unapanda, ndicho hicho. Tafuta kwenye mipangilio sehemu ya ubora. Diva, programu ya kampuni ya u-he, kwa mfano, ina ngazi nne, kuanzia "draft" hadi "divine", na ya mwisho inaitoa jasho laptopu yoyote. Tungia biti kwenye ya chini, wakati wa kutoa faili la mwisho panda ya juu.

Mwisho, mwanangu, unasikilizia nini? Mi ya chini ya gitaa la besi ni kama hezi 41. Spika za laptopu hazifiki huko hata kwa maombi. Sabufa ya nyumbani nayo ina noti yake moja inayoipenda na inazidanganya nyingine zote. Na ile rekodi unayojilinganisha nayo imepita kwenye amplifaya, kwenye mkanda, kwenye meza ya fundi mitambo aliyelipwa kuinenepesha. Wewe unalinganisha unga na ugali. Weka hedifoni za waya, weka ngoma na besi yako pamoja, ndipo uulize kama ni nyembamba.

Nikumbushe na hili. Minimoog haikuwa na kumbukumbu. Ukiibadilisha sauti, imeenda. Pale Mombasa tulikuwa na nyimbo tatu zilizohitaji sauti tatu tofauti, na kati ya wimbo na wimbo nilikuwa na muda wa mwimbaji kusema asante. Nikaazima rangi ya kucha kwa mke wa mpiga saksafoni, nikaweka vitone kuzunguka kila nobu: nyekundu kwa besi, ya waridi kwa sauti ya tarumbeta, ya zambarau kwa filimbi. Mwenye vyombo alipoona alinikata mshahara wa wiki. Lakini hadi leo, nikifungua programu kwenye laptopu, mkono unaenda penye vitone vyekundu ambavyo havipo. Sauti nikiitaka naijua iko wapi. Wewe una priseti mia kadhaa na hujui hata moja ilivyojengwa. Chukua daftari, chora duara za nobu, andika sauti tatu kwa mkono wako, halafu niandikie tena.

*Shikamoo mwalimu. Nikibonyeza kibonye, sauti inakuja nikiwa nimeshafika kibonye cha tatu. Laptopu ni ya Windows, si mbovu. — Mlezi wa vijana, Nakuru*

Marahaba. Kabla ya lolote, unatumia spika ya bluetooth? Kama ndiyo, tatizo ndilo hilo na barua imekwisha. Bluetooth inafaa kusikilizia mahubiri, kupigia kinanda haifai. Chomeka waya.

Kama tayari ni waya, fungua mipangilio ya sauti utazame bafa, yaani fungu la sauti ambalo kompyuta inalikusanya kabla ya kulitoa. Ikiwa 1024, kwenye sampuli 44,100 hiyo pekee ni milisekunde 23, na mambo mengine yanaongezeka juu yake. Ishushe iwe 256, kama milisekunde 6, au 128, kama 3. Windows nayo inataka draiva ya ASIO, programu ndogo ya kuendeshea kadi ya sauti bila kuchelewa. Kadi yako ya sauti ikiwa haina ya kwake, ASIO4ALL ni ya bure. Sauti ikianza kukwaruza umeshuka mno, rudi ngazi moja. Ukimaliza kupiga na kurekodi, ipandishe tena ili mashine ipumue.

*Mwalimu, assalamu alaikum. Napiga kinanda kwenye kikundi cha taarabu hapa Unguja. Nataka kutumia Minimoog ya kompyuta kujibizana na fidla, sauti yake inafanana nayo nikiilainisha. Lakini tukiingia maqamu ya Rast, Mi yangu inakuwa juu ya Mi ya fidla, na mwenye fidla ananicheka. Kuna njia? — Bi M., Unguja*

Waalaikumu ssalamu, dada yangu. Umenifurahisha, maana hapa programu inakipita chombo chenyewe.

Anayekucheka ana haki. Mi ya Rast inayoanzia Do inakaa katikati ya Mi bemoli na Mi ya kinanda, na Si vilevile. Kinanda chako kina Mi ya senti 400 juu ya Do (oktavi nzima ni senti 1,200), fidla inaitaka kwenye 350 hivi. Nasema hivi kwa sababu kila mpigaji ana mahali pake, na Mi ya wimbo wa kupanda si lazima iwe ileile wakati wa kushuka. Kwenye Minimoog halisi nilikuwa nashusha noti hiyo kwa gurudumu la kushoto. Kwa wimbo wa polepole nilifika. Kwa wimbo wa haraka nilifika nusu ya safari.

Kwenye kompyuta unaweza kuipanga upya noti kwa noti. Si kila programu inaruhusu. Diva inasoma mafaili ya upangaji wa noti yanayoishia na .tun. Surge XT, ambayo ni ya bure kabisa, inasoma ya .scl, haikutengenezwa kuwa Minimoog, lakini ina osileta tatu na filta ya ngazi inayoitwa "Vintage Ladder", ukiipanga kwa subira utaridhika. Faili la .scl ni maandishi tu, unaliandika kwenye Notepad. Juu kuna mstari wa jina, chini yake idadi ya noti, ambayo ni 12, kisha noti zenyewe kwa senti, kuanzia Do dizi hadi Do ya juu. Do ya kwanza haiandikwi. Pale penye 400.0 andika 350.0, na penye 1100.0 andika 1050.0. Ile nukta na sifuri usiiache! Bila nukta programu haisomi senti, inasoma uwiano, na Mi yako itaruka mbinguni. Mimi nilipoteza jioni nzima kwa ajili ya nukta hiyo.

Mkianzia Sol, Mi inarudi 400.0, Si inabaki 1050.0, na kibonye cha Fa dizi kinashuka kutoka 600.0 hadi 550.0. Andika mafaili mawili, uyaite kwa majina ambayo hutayachanganya jukwaani.

Kuhusu kufanana na fidla: msumeno mmoja tu, usiweke wa pili, maana ukipumua utaficha ile robo toni uliyohangaikia. Nobu ya "glide" iwe ndogo, ili noti iteleze badala ya kuruka. Mtetemo usiufunge muda wote. Uache noti isimame kwanza, kisha uongeze kwa gurudumu la pili, kama kidole cha mwenye fidla kinavyofanya. Mtazame mkono wake wa kushoto, atakufundisha kuliko mimi.

Atabaki mwenye akodioni. Kama ndimi za akodioni yake hazijachongwa upya, ana Mi ya 400 na hana nyingine, na mkiipiga pamoja itasikika kama mlango mbovu. Kaeni mkubaliane kabla ya shughuli: penye Mi hiyo yeye anyamaze, au ashike Do. Wa kwetu tulikuwa tunamkanyaga mguu.